Meno ya Wavu

Nilipofika Lindi walikuwa wameshamzika. Simu ilinikuta Tunduma, na mtu anayetoka Tunduma hawezi kuwahi mazishi ya Lindi hata abiria wote wa basi wakimwombea dua. Nilikuta turubai bado limefungwa uani, mikeka imetandikwa, na sufuria kubwa ya chai ya mchaichai ipo juu ya mafiga. Nikawapa pole wafiwa, nikaenda kukaa na wanaume. Walikuwa wakimzungumzia Fundi Nassoro kwa utulivu wa watu ambao kilio chao kimeshapungua, wakicheka kidogo kidogo: mageti aliyotengeneza, madirisha ya msikiti, jinsi alivyokuwa akimfukuza mteja anayemsimamia kichwani. Jirani yake mmoja akasema mzee aliupokea vizuri upofu wake, hakuwahi kumsikia akilalamika. Wengine wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi nilinywa chai yangu. Upofu huo wao waliujua akiwa tayari ni mtu wa kushikwa mkono kwenda msikitini, mtu aliyetulia. Mimi niliishi naye mwaka ambao nuru ya macho ilikuwa inampotea na hakuna aliyetakiwa kujua. Tangu hapo nimezunguka sana. Nimelala machimboni, nimevuka mito iliyofurika, nimeugua katika miji ambayo sikuwa na mtu wa kunipa maji. Lakini nikijiuliza niliogopa lini, kuogopa kwenyewe, ninachokiona ni ngazi ya nyumba moja Kitomanga.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Alhaji, mnunuzi wa ufuta na korosho, na ilikuwa ghorofa ya kwanza kijijini pale. Watu wa barabarani walisimama kuitazama, na watoto walijua idadi ya madirisha yake kabla hayajawekwa. Sisi tulikwenda kuweka reli, yaani uzio wa chuma wa kushikilia, kwenye ngazi na kwenye baraza la juu. Nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata matokeo yasiyompeleka popote, na Fundi Nassoro alikuwa ameshanifundisha kukata na kunyoosha. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Njinjo, kwa kuwa ndiko nilikotoka. Alhaji alitupa chumba cha chini ambacho baadaye kingekuwa stoo. Tulilala kwenye magodoro kati ya mifuko ya saruji, na asubuhi niliamka na vumbi la kijivu kwenye kope. Dirisha lilikuwa tundu tupu lililozibwa kwa gunia, na kupitia tundu hilo kila lililosemwa jikoni uani lilitufikia kama tunaambiwa sisi. Jikoni alitawala Bi Tumu, dada yake Alhaji, mjane mwenye mwili mkubwa na sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kimwera pale hasira ilipomzidi. Jenereta la kuchomelea tulilileta kutoka Lindi kwa lori, likawekwa chini ya mkorosho nyuma ya choo, na mlio wake ndio uliokuwa saa ya kijiji.

Alhaji alitaka reli za wavu wa chuma, ule wa matundu ya almasi, kwa sababu alikuwa na wajukuu wengi na hakutaka matundu ya kupitisha kichwa. Wavu wa namna hiyo huja kwa karatasi kubwa, ukiwa umechanwa na kuvutwa kiwandani, na ukiukata kwa kipimo cha fremu yako, kila tundu ulilolipitia linabaki na ncha mbili. Ukingo mzima unakuwa meno. Pale karakana kwa Fundi, Lindi, tuliyaita hivyo tu, meno, na kila mmoja wetu alikuwa na kovu lake. Kuukata wavu ni kazi ya muda mfupi. Kuumaliza ukingo ndiyo kazi. Fundi aliubana ukingo kati ya vyuma bapa viwili, akachomelea, akasaga panapotokeza, akapiga tupa, kisha akapitisha sufi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake iliyojulikana Lindi nzima. Alikuwa na mfuko wa sufi, sufi hii hii ya mito ya kulalia, anachukua bonge analiburuta juu ya ukingo kutoka mwanzo hadi mwisho. Panapobaki uzi mweupe pana jino limejificha. Mteja huwezi kumwonyesha kazi iliyobaki na uzi hata mmoja.

Kitomanga hakuitoa ile sufi mfukoni. Siku za mwanzo hata sikuliona jambo hilo, kwa sababu nilikuwa na furaha yangu. Aliniambia kuanzia sasa kuchomelea ni kwangu, yeye atashughulika na kingo. Nilikuwa nimesubiri maneno hayo muda mrefu. Nilivaa ile miwani nyeusi na kujiona mtu mzima, nikawa nachomelea nguzo na fremu, huku yeye amekaa kwenye kigoda kivulini, fremu imelala mapajani, tupa inakwenda na kurudi. Kisha akimaliza upande mmoja aliinua fremu karibu na uso wake na kuupitisha ukingo wote kwenye mdomo wake wa chini. Taratibu, kama mtu anayepuliza zumari bila sauti. Nilimwuliza kwa nini, akasema vidole vya mchomeleaji vimekufa, havisikii kitu, mdomo haudanganywi. Nikacheka. Nilidhani ni moja ya mambo yake ya uzee. Lakini kila nilipomwona akiinua chuma kilichokatwa na kukipeleka mdomoni niligeuza uso, na jioni alipokuwa akila, pilipili ya mchuzi ilimfanya afumbe macho, kwa kuwa mdomo ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama ya wembe.

Siku moja, yeye akiwa amekwenda kuswali adhuhuri, nilichukua sufi mwenyewe nikaipitisha kwenye fremu alizozimaliza. Nadhani nilitaka kumsaidia, au nilitaka kumkamata na kosa, sikumbuki. Hapakubaki uzi. Fremu ya pili, hapakubaki uzi. Zote zilikuwa laini kama ukingo wa sahani. Nilikuwa nimeshika ile sufi mkononi, nyeupe juu ya chuma cheusi, nikiangalia kama kuna kilichobaki, ndipo nikaelewa. Sufi inataka macho. Lazima uuone ule uzi. Mdomo hauhitaji kuona chochote. Nikayakumbuka mambo yote kwa pamoja: alivyoacha kuchomelea, alivyoniomba nisome kipimo cha futi kwa sauti eti ili mimi nijifunze, alivyopanda ngazi akiburuza kisigino kwenye kila kidato. Na baraza la juu lilikuwa bado halina reli. Tangu tulipofika, mtu huyu alikuwa akitembea kila siku kwenye ukingo wa sakafu ambao chini yake palikuwa na rundo la matofali yaliyovunjika.

Alirudi kutoka kuswali, akasimama mlangoni akinitafuta kwa uso. Nilikuwa mbele yake kabisa na sikusema kitu, nione. Macho yake yalipita juu yangu yakaenda kwenye ukuta, yakarudi. Nikaona aibu kwa kumfanyia vile, nikamsalimu. Akaja akakaa kwenye kigoda, akapapasa akalikuta bonge la sufi nililoliacha juu ya fremu, akaliminya.

"Umeshajua," akasema.

Nikamwuliza anaona nini. Akaniambia anaona mwanga na anaona kuna mtu, ila mtu gani hajui mpaka aseme. Jicho moja lilianza kabla ya mvua za masika, la pili likafuata. Daktari aliyempima alimwambia maneno ambayo hakutaka kuyarudia. Akasema Alhaji ana maghala anayotaka yawekewe milango na madirisha mapya, na ameshamwahidi kwamba reli hizi zikimpendeza kazi ile ni yake. Ile ingekuwa kazi yake ya mwisho. Angeondoka kwenye ufundi akiwa fundi, watu wakisema Nassoro amepumzika, wala si Nassoro amepofuka. "Nitunzie mpaka maghala," akaniambia. "Baada ya hapo piga ngoma ukitaka." Nikakubali. Sikujua nilichokubali. Kuanzia mchana ule sikupata tena hata saa moja ya amani.

Nilikuwa namchungia kila kitu. Nilisogeza ndoo, nilikunja nyaya, nilihakikisha grenda, ile mashine ya kusagia chuma, inakaa upande uleule. Tukiwa juu nilijiweka mimi upande wa nje, nikizungumza bila kukoma ili sauti yangu iwe ukuta wake, na watu wakaanza kuniita kasuku. Nilikuwa nachomelea huku sikio langu liko kwenye hatua zake, na mara nyingi nilijichoma. Alipowasha grenda sikuweza kutazama, na sikuweza kutotazama. Diski ilikuwa ikizunguka karibu na goti la mtu asiyeiona, na yeye aliiongoza kwa kusikiliza mlio unavyobadilika chuma kinapopungua. Mikono yake haikutetemeka hata siku moja. Sasa hivi mimi ninakaribia umri aliokuwa nao, na miaka ya karibuni nimeanza kuona duara la ukungu kuzunguka taa. Nikiamka kitu cha kwanza ni kutafuta ufa wa dari ninaoujua, katika chumba chochote nilichopanga, nione kama bado upo.

Chakula tulikula barazani kwa Bi Tumu pamoja na mafundi wengine wa nyumba. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, samaki wakavu wa ng'onda wakipatikana, na siku za shida njugu mawe za kuchemsha. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko kwenye grenda, kwa sababu ya Chande. Chande alikuwa fundi wa vigae, kijana wa mjini, mcheshi, mwenye misemo mipya ya Dar es Salaam kila Jumatatu, na alikuwa na kaka yake mwenye karakana ya kuchomelea Lindi. Macho yake hayakukosa kitu. Siku moja Fundi alipeleka tonge pembeni ya bakuli la mchuzi, likagonga mkeka. Chande akasema, "Mzee, mchuzi umehama au?" Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, akasema bakuli la Bi Tumu lina miguu, linamkimbia mtu aliyechelewa kuoa. Wakacheka zaidi, na Bi Tumu akamtishia kwa mwiko. Lakini kuanzia jioni ile niligundua kwamba Bi Tumu mwenyewe ndiye aliyemwekea chakula, na kila alipoweka alisema kwa sauti kama anayegomba: ugali huo mbele yako, mchuzi kulia, wa moto, usije ukanisingizia nimekuunguza. Sikujua kama alijua. Sikuthubutu kumwangalia usoni nipate jibu.

Usiku tulilala mapema, lakini wakati wa mchana, tukijinyoosha baada ya chakula, maneno ya uani yalikuja kupitia gunia la dirisha. Mara moja nilimsikia Chande akimwambia mtu kuwa yule mzee haangalii, anasikiliza. Mwenzake akasema wazee wote wako hivyo. Chande akasema hapana, yeye bibi yake alikuwa hivyo hivyo, na kwamba Alhaji hatakubali milango ya maghala itengenezwe kwa kupapasa. Nikageuka kumwangalia Fundi. Alikuwa amelala chali kwenye godoro lake, macho wazi, mikono kifuani. Alikuwa amesikia. "Tumalize haraka," ndilo neno pekee alilosema, na haraka ndiyo kitu ambacho mdomo wake usingeweza kumpa. Ukingo mmoja ulimchukua muda ambao zamani angemaliza fremu nzima. Alhaji alikuwa ameshapanga kusoma maulidi ya kuifungua nyumba, wageni walikuwa wameshaalikwa kutoka Lindi na Mtama, na sisi tulikuwa nyuma ya kazi.

Siku moja kabla ya maulidi ilibaki fremu moja tu, ndefu kufikia kimo cha mtu, ya pale ngazi inapokunja kona. Alhaji alipanda, akaliona pengo, akasema hataki kuona shimo pale kesho, watoto watajaa ngazini. Ukingo mmoja wa ile fremu, wa wima, ulikuwa bado haujavishwa vyuma bapa. Tukaamua kuisimamisha hivyo hivyo kwa kuidokoa, yaani kuichomelea nukta chache tu, kwenye nguzo ili izibe pengo, na asubuhi tuuvishe ukingo ikiwa imesimama. Lilikuwa wazo la kawaida, fundi yeyote angelifanya. Asubuhi jenereta halikuwaka. Nilivuta kamba mpaka bega likafa ganzi. Nilifungua, nikasafisha, nikavuta tena. Mtu akatumwa Lindi kutafuta kifaa. Sisi tukakaa kwenye kona ile na tupa, tukiyakata meno kwa mkono, mimi kuanzia juu na Fundi akinishikia wavu usicheze. Tulikuwa tumefika nusu wageni walipoanza kuingia. Nusu ya chini, kuanzia kiunoni kwangu mpaka sakafuni, ilikuwa bado ni meno matupu, yametazama njiani, kwenye kimo cha uso wa mtoto.

Nikafunga gunia tukaenda kuoga. Niliporudi gunia halikuwepo. Wasichana wa Bi Tumu walikuwa wamepamba ngazi yote kwa kanga mpya, pindo kwa pindo, nzuri mno, na kanga moja ya maua mekundu ilikuwa inaning'inia juu ya yale meno. Sasa hata mwenye macho asingeyaona. Watoto walikuwa wameshaanza kupanda na kushuka, wakipitisha viganja kwenye kanga, na mmoja alikuwa akificha uso ndani ya kanga na kuutoa akimchekesha mwenzake, vidato vichache tu kutoka pale. Nikamkimbilia Fundi, nikamwambia tukamwambie Alhaji, kona ile ifungwe. Akasema tukimwambia atakuja kuangalia, na Chande atakuja nyuma yake, na wataanza kuuliza kwa nini fundi mzima ameshindwa kumaliza fremu moja. Gunia wangelitoa tena, kwa hiyo nikamwambia basi nikae mimi pale, niegemee, mpaka maulidi yaishe. Alikuwa akifunga vifungo vya kanzu. Akatikisa kichwa.

"Wewe kijana ukikaa pale, mzee wa kwanza akipanda itabidi umpishe," akasema. "Mimi hakuna wa kuniinua."

Nikampeleka. Nilitembea mbele nikizungumza kama kasuku, naye nyuma akifuata sauti. Nikaweka kigoda, akakaa mgongo ukiwa kwenye kanga ya maua mekundu, akajisogeza nyuma mpaka nikaona uso wake umebadilika kidogo, nikajua meno yamemfikia. Wanaume walijaa sebule ya juu na baraza, waliokosa nafasi wakakaa ngazini. Wanawake walikuwa uani na pilau yao, harufu ya bizari ikipanda. Nilikaa kwenye kidato cha chini yake. Qasida zilianza, na watoto, kama alivyosema Alhaji, walijaa. Kila aliyepita alimsukuma Fundi kidogo, goti hapa, kiwiko pale, na kila akisukumwa nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Mtoto mmoja wa kike, mjukuu wa Alhaji, alikuja akajibanza kabisa ubavuni kwake akitaka kupita nyuma yake kwenye kanga. Fundi alimshika begani akamkalisha mapajani, akamwacha achezee kofia yake. Nilimwomba Mungu vitu vingi pale ngazini, na kimojawapo ni kwamba Chande asitazame upande wetu. Alikuwa amekaa mlangoni juu, amevaa kanzu inayong'aa, na alikuwa anatutazama.

Kisha ukafika wakati wa kusimama. Kila aliyewahi kuhudhuria maulidi anajua, msomaji akifika pale, watu wote wanasimama kumswalia Mtume, na hakuna anayebaki chini isipokuwa mgonjwa. Nilikuwa nimesahau. Fundi naye, nadhani, alikuwa amesahau. Nyumba nzima ilinyanyuka kwa mshindo, watu wa ngazini wakajibana kupata nafasi ya miguu, mimi nikasimama, na Fundi Nassoro akabaki amekaa. Kama angesimama, meno yangebaki peke yake nyuma ya kanga katika msongamano ule. Aliinamisha kichwa, mtoto mapajani, midomo yake ikifuata maneno. Watu walianza kumwangalia. Mzee mmoja akamgusa bega kwa kidole, hakuitika. Wote walikuwa wakiimba, hakuna aliyeweza kumsemesha. Ndipo nikamwona Alhaji anashuka kutoka juu, akipenya katikati ya watu, ameona mgeni wake ameshindwa kuinuka. Alisimama mbele ya Fundi akiendelea kumswalia Mtume, akatabasamu, akamnyooshea mkono amwinue.

Mkono ule ulikaa hewani. Fundi alikuwa ameelekeza uso kifuani pa Alhaji, karibu kabisa, na hakuuona. Nilijaribu kumgusa goti lakini kati yetu kulikuwa na watu wawili. Tabasamu la Alhaji lilibaki mahali pake huku macho yake yakibadilika. Akausogeza mkono polepole kulia, kisha kushoto, mbele ya uso wa mtu aliyekuwa akiendelea kumswalia Mtume kwa utulivu. Ngazi nzima iliona. Nilimwona Chande kule juu anashusha macho, na mpaka leo sijui kwa nini alifanya hivyo baada ya kuitafuta saa ile kwa muda wote ule.

Watu walipokaa na dua ikaisha, Alhaji alichuchumaa, akamchukua mjukuu wake, akamkabidhi mtu.

"Fundi, hunioni?"

"Sikuoni, Alhaji."

"Kwa nini hukusimama?"

Fundi alisogea mbele kidogo kwenye kigoda. Kanzu yake haikusogea naye, ilikuwa imeshikwa nyuma. Alhaji akaifunua kwa pembeni ile kanga iliyotobolewa, akayaona meno, na akaona kanzu nyeupe ilivyoingia kwenye kila tundu, na damu iliyochora mstari wa vidoa kufuata ukingo, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Akamgeukia mjukuu wake, akamtazama uso. Kisha akasimama, akawaambia watu wapishe upande mmoja, chakula kiko tayari chini, na akakaa mwenyewe kwenye kidato kile mpaka wote wakashuka. Mimi nilikuwa namnasua Fundi, jino moja baada ya jingine. Alhaji akauliza kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza mwenyewe, sasa maghala atampa nani. Nilifungua mdomo kusema chochote cha kumtetea. Fundi akanitangulia. Akasema mpe Njinjo, ndiye aliyechomelea kila unachokiona. Alhaji akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nilitaka kukataa. Nilihisi nikikubali nitakuwa nimemvua mtu nguo mbele za watu. "Mjibu," Fundi akaniambia, na niliijua sauti hiyo, ni ile aliyoitumia karakanani nilipochelewa kushika chuma. Nikasema nitaweza. Alhaji akasema tutaongea kesho, akashuka, na hakugeuka nyuma.

Tukabaki wawili. Chini uani sahani zilikuwa zikigongana na Bi Tumu akipanga watu kwenye majamvi, lakini mazungumzo yalikuwa ya chini, na kila baada ya muda uso mmoja ulielekea ngazini. Nilivua shati langu nikamfunika mgongo. Mwaka mzima hakuwahi kunishika mbele ya watu. Sasa alinyoosha mkono, akanitafuta, akauweka begani kwangu, na mkono ule ambao haukutetemeka kwenye grenda ulikuwa unatetemeka. Tukashuka kidato cha kwanza. Akasimama.

"Wanatuangalia?"

Nikamwambia ndiyo.

"Wote?"

"Wote, Fundi."

Akavuta pumzi, akajinyoosha ndani ya ile kanzu iliyochanika.

"Basi twende taratibu," akasema.